Nusu Kidonge cha Dada

Mimi hakuna kitu cha kunishtua tena duniani. Wasomaji wangu wa siku zote mnanijua: shule niliiacha darasa la nne, nikachoma tofali, na leo nauza viwanja kuanzia Visiga mpaka Kisarawe, wenye digrii zao wakinipigia simu na kuniita mheshimiwa. Nimetapeliwa, nimeunguliwa na nyumba, nimezika wazazi. Kwa hiyo Jumatatu ile nilipopigiwa simu nikiwa Gwata, napima shamba la mtu, nikaambiwa mama wa miche pale Visiga amefariki, nilisema inna lillahi, nikaendelea kuvuta kamba. Nilijua. Saratani ya titi ilikuwa imeshafika kwenye uti wa mgongo. Kilichoninyima raha mpaka leo kilikuja baada ya maziko.

Hakuwa ndugu yangu. Tulijuana kwa kazi: mimi nauza kiwanja, mteja anashuka kwake kununua miche ya kupanda mpakani. Ulimi alikuwa nao. "Unauza ardhi na hujawahi kupanda hata mchicha," ananiambia, na mimi namjibu kwamba bila mimi miche yake angewalisha mbuzi. Alipofanyiwa upasuaji na kurudi kazini, nilimwuliza jambo lililokuwa likinikera: uvimbe wa titini unaijuaje njia ya kwenda mifupani? Akacheka. "Kaka, na mimi nilimwuliza daktari hivyo hivyo." Akanieleza huku anajaza udongo kwenye viriba. Uvimbe hauendi kimya kimya. Unatoa kemikali zinazopita kwenye damu kama wajumbe. Nyingine zinaita mishipa midogo iuletee chakula, nyingine zinatangulia mbali, kwenye mfupa au mapafu, kulainisha mahali kabla seli yenyewe haijafika. Na mwilini mwenyewe kuna homoni iliyokuwa ikiuambia uvimbe wake kua, kua. Kidonge alichopewa cha kila siku, kwa miaka, kazi yake ni kukaa mlangoni pa seli, homoni ikija ikute pamekaliwa.

"Basi huo ni udalali," nikamwambia. "Mimi nikitaka kuuza pori natanguliza watu. Mmoja anapeleka greda, mmoja anazungumza na mwenyekiti wa kijiji, mmoja anaeneza habari kwamba umeme unakuja. Nyumba inafika mwisho."

Akanitazama. "Ndiyo maana mume wangu alikataa kukuuzia shamba."

Matanga yalipoanuliwa nikajitolea kumrudisha mdogo wa marehemu Kisarawe kwa gari langu. Njiani akaniomba nisimame anunue maji. Akafungua pindo la kanga, akatoa kidonge kilichokatwa, akameza.

"Unaumwa, dada?"

"Nina kivimbe, kaka. Hapa." Akagusa upande wa kushoto wa kifua.

"Umepimwa?"

"Nipimwe nini tena? Ugonjwa si ule ule wa dada? Alikuwa anavikata vyake, nusu yake, nusu yangu. Alisema tumenyonya ziwa moja, hatutashindwa kunywa dawa moja."

"Tangu lini?"

"Tangu mfungo wa mwaka juzi."

"Na daktari wake alijua?"

"Aa, angemgombeza." Kisha akaongeza, kama mtu anayeomba akubaliwe, "Yeye alikuwa ameshapona, kaka. Si alikuwa anabeba miche mwenyewe?"

Nikawasha gari, nikamfikisha kwake Kisarawe.

Tangu hapo situlii. Nakaa, nainuka, naanza hesabu naiacha. Nimemwuliza daktari mmoja mwenye subira, akasema hakuna awezaye kuapa kwamba nusu ile iliyokosekana ndiyo iliyourudisha ugonjwa. Hurudi hata kwa anayemeza kidonge kizima. Jibu la haki, lakini halinitulizi. Sisi wa Pwani tumelelewa kugawana. Mgeni akikuta muhogo mmoja, unakatwa, na hakuna anayesema hakushiba. Nani basi atamlaumu dada kwa kumkatia mdogo wake? Ila dawa si futari. Ukiipunguza, unapunguza walinzi mlangoni, na wajumbe wa uvimbe hawana likizo. Tena uvimbe wa huyu si lazima usikie neno lile lile linalosikiwa na uvimbe wa yule, hata kama wenyewe wamezaliwa tumbo moja.

Nikampeleka hospitali mdogo mtu. Wakachukua kinyama cha uvimbe, wakakipima. Uvimbe wake hauisikii homoni ile kabisa. Muda wote ule alikuwa akilinda mlango ambao kwake haupo, na dada yake akijipunja bure. Dawa yake ni nyingine na ameshaanza kuchomwa sindano. Inamtapisha, lakini daktari anasema ugonjwa bado haujatoka titini.

Kwa hiyo nawaambia: ndugu yako akiumwa, usimkatie kidonge chako. Mkatie nauli, akapimwe uvimbe wake yeye. Nilimwuliza huyu mdogo mtu kwa nini hawakufanya hivyo tangu mwanzo, akasema dada yake alisikia kwa watu kwamba kipimo kile ni mamilioni, na hawakwenda kuuliza. Nilikwenda kuuliza mimi, nikalipa pale pale dirishani. Shilingi laki mbili na elfu kumi na tano.