Mita Arobaini na Mbili

Ofisini walimwita Mama Ramani, naye hakuchukia. Kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa moja: kuketi mbele ya ramani ya nyaya za umeme za wilaya na kuamua leo mtaa gani utahitaji transfoma gani miaka kumi au ishirini ijayo. Umeme ukikatika, watu humtukana fundi aliye juu ya nguzo. Aliyepanga nani anamjua? Yeye yuko kivulini, anakunywa chai yake.

Ikiwa imebaki miezi miwili astaafu, mpango mpya ulikuwa mezani. Mtaa wa nyuma ya kiwanda cha sabuni ulikuwa umeandika barua tisa za malalamiko, lakini kompyuta ilisema transfoma yao haijalemewa hata kidogo. Wasubiri mpaka mwaka wa tisa wa mpango. Barua tisa jamani, na mashine inasema watu wameshiba! Mama Ramani akachukua mwavuli wake, akaenda kwa miguu.

Nyumba ya kwanza ilikuwa na mita moja ya umeme na vyumba saba, kila chumba na familia yake. Ukutani kwenye korido ilibandikwa ratiba: saa za pasi, saa za friji, saa za jiko.

"Mtaa mzima tunapeana zamu," alisema mshonaji wa chumba cha kwanza, pini zikiwa mdomoni. "Kila nyumba ina karatasi yake. Tukiwasha wote, taa zinafifia, na mashine ya kupumulia ya mama mkwe inazima. Ile haina zamu."

Miaka kumi na mitano nyuma, ni Mama Ramani mwenyewe aliyeupangia mtaa huu transfoma ndogo. Alihesabu mita arobaini na mbili, akaandika familia arobaini na mbili, akapongezwa. Sasa watu wamejibana mpaka kompyuta imeona hawana shida. Kha! Uvumilivu wao ndio uliowaponza.

Kesho yake kikaoni aliomba mtaa ule uwekwe mwaka wa kwanza; meneja akatikisa kichwa. "Takwimu za mtaa huo ni zako mwenyewe, Mama Ramani, na wewe hukosei. Ndiyo maana tunataka tukuongezee mkataba, utufundishie vijana."

Angenyamaza, nani angejua? Lakini mficha uchi hazai. Akajikaza kisabuni.

"Nilikosea. Nilihesabu mita, sikuhesabu watu. Na mitaa mingine nimeihesabu vivyo hivyo."

Watu wakatazamana. Meneja akauandika mtaa ule mwaka wa kwanza, kisha akaagiza hesabu zote za Mama Ramani zirudiwe na mtu mwingine. Habari ya mkataba haikutajwa tena.

Jioni ile akarudi kwa mshonaji, akamweleza yote, zuri na baya, bila kujitetea. Mshonaji alicheka mpaka akashika mbavu, halafu kicheko kikakatika.

"Kumbe ni wewe! Miaka yote tunagombana wenyewe kwa wenyewe, huyu mchoyo, yule mwizi wa umeme. Chumba cha mwisho alikaa mama mmoja muuza barafu. Tulimsema mpaka akahama, eti friza yake ndiyo inayotuua." Akajifuta macho kwa kipande cha kitambaa. "Hata kumuaga hatukumuaga. Sasa mimi nitamwambia nini?"

"Usimwambie kitu," alisema Mama Ramani. "Nipe namba yake. Nitampigia mimi."