Gari Lililozimika Njia ya Bugarama

Mjini Shinyanga gari letu halikuzimika hata siku moja. Lilitoka Ngokolo kwenda sokoni, stesheni na kanisani, likarudi bila kukohoa. Lilizimika tukitoka Bugarama tu, na Bugarama ndiko alikoishi mama yangu.

Lilikuwa gari kuukuu la rangi ya maziwa, ambalo mume wangu alilinunua alipoacha kazi ya mgodini Mwadui. Miaka ile wachimbaji wadogo wa dhahabu walikuwa wanamiminika Bugarama, naye aliwapelekea unga na mafuta ya taa, akirudi na mpunga. Nilifuatana naye kila nilipoweza, kwa kuwa mama alikuwa mjane na mimi nilikuwa mwanawe wa pekee. Mimi na mume wangu hatukuwa na mtoto bado. Kwenda tulikwenda alfajiri, kwa ubaridi, tukafika salama. Mchana, tukirudi na magunia, injini ilikatika ghafla kabla hatujafika Kahama, kama mtu aliyezibwa mdomo.

Mume wangu alifunua boneti na kukuta platini zimeungua tena. Hizo ni vile vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana ili plagi zipate moto, na vipya havikupatikana. Miaka ile vipuri vilikuwa adimu kuliko sukari. Alizisugua kwa msasa, tukangoja injini ipoe, tukaendelea. Mjini fundi alimtafutia nyingine kwenye magari mabovu, pamoja na kondensa inayozilinda zisiungue, na safari iliyofuata zikaungua vilevile. Mwanzo mume wangu alilaumu vipuri. Baadaye akalaumu barabara. Kisha akanyamaza, na ukimya wake niliujua: alikuwa na jambo asiloweza kuniambia usoni.

Kwetu mama mkwe na mkwewe hawakaribiani. Mama hakupata kumshika mkono mume wangu wala kula naye. Akimwona uani alizungukia nyuma ya nyumba. Lakini hakutaka tuondoke bila baraka. Kwa hiyo alingoja mkwewe aingie ndani, ndipo aje upesi mbele ya gari, apulize maji kutoka kinywani, anong'one maneno yake ya Kisukuma, aondoke. Alifanya hivyo tangu enzi tulizokuwa tunakuja kwa baiskeli. Siku moja mume wangu alitoka mapema, akamwona mgongo tu, ameinamia boneti. Siku hiyo tulizimikia Segese, na wakati wote wa kungoja alikaa upande wa pili wa barabara.

Haikupita wiki ndugu zake wakaja, wakaketi uani nikiwa napika. Waliongea kwa sauti ya chini, ila si ya chini sana, maana walitaka nisikie. Eti macho ya yule mama ni mekundu, ya mchawi. Yangekuwaje meupe, mtu aliyepuliza moto wa kinyesi cha ng'ombe tangu usichana wake? Nilikaribia kuwamwagia uji. Hasira yangu ilikatwa na woga, kwa sababu mwezi uleule, katika kijiji jirani na kwa mama, bibi mmoja alikutwa amekatwa mapanga mlangoni kwake. Mvua ilikuwa imekataa, na watu walimtupia yeye lawama. Nilipokwenda tena kumwona mama, majirani walikuwa hawatumi tena watoto kuomba moto kwake. Mama alisema labda siku hizi wana viberiti. Viberiti havikuwepo hata mjini.

Nikaenda kwa fundi peke yangu, siku gari lilipokuwa kwake, nikamwambia wazi kwamba mama yangu atauawa kwa ajili ya platini. Alifuata waya kwa kidole kutoka kwenye swichi hadi kwenye koili, kile kikopo kinachozipa plagi umeme, akasimama. Kumbe koili ya zamani ilipokufa, alikuwa ametufungia nyingine aliyoitoa kwenye gari la aina tofauti. Hiyo ilitakiwa kuja na kipande kidogo cha kupunguza umeme, naye alikiacha kulekule. Safari fupi za mjini hazikuidhuru. Safari ndefu, na jua la mchana, na mzigo, koili ilichemka na platini zikaungua.

Nilitaka kucheza ngoma palepale gereji. Nikamwomba aende akamweleze mume wangu.

"Shemeji, kipande nitakifunga leo hii, tena bure," alisema. "Lakini mimi usinitaje. Akijua ni mimi, hapa mjini sipati kazi tena."

Akakifunga mbele ya macho yangu. Jioni hiyohiyo mume wangu alirudi kutoka kwa mganga na kifurushi cha kitambaa cheusi, akakining'iniza chini ya usukani.

Tulikwenda Bugarama tukarudi bila kuzimika. Tukaenda tena, na tena. Mume wangu alipiga mluzi njia nzima, na kila abiria alionyeshwa kitambaa. Dawa imemfunga, alisema. Hakumtaja aliyefungwa, na hakuna aliyehitaji kuuliza. Nilivunja ahadi nikamweleza habari ya koili, naye akanichukua hadi kwa fundi. Fundi alinikana mchana kweupe, huku anafuta mikono. Sijamsamehe mpaka leo. Gari lilivyozidi kuwa zima, ndivyo kifo kilivyozidi kumsogelea mama.

Nikaona njia moja tu: lizimike tena, dawa ikiwa palepale, na mama akiwa mbali. Mume wangu alipata mzigo wa Maswa, upande mwingine kabisa. Kabla hajaamka nilichukua koleo lake, nikakitoa kile kipande, nikaunganisha waya kama zilivyokuwa mwanzo. Nilijiambia kwamba sasa hata mtoto ataelewa.

Alirudi kesho yake alasiri, amechoka, vumbi hadi kwenye kope; gari lilikuwa limezimika njiani. Alikuwa amekifungua kitambaa kutoka chini ya usukani, akakiweka mezani, akanawa mikono taratibu. Nikangoja aseme mganga amemdanganya.

"Mama yako hakulikaribia gari safari hii," akasema.

Nikasema ndiyo, hakulikaribia.

"Basi hayuko peke yake."

Hakupandisha sauti. Aliniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka alikonitoa, kisha akatoka kwenda kwa ndugu zake.

Sikungoja arudi. Nililala kwa jirani, na asubuhi nikapanda basi la kwanza. Mama nilimkuta anapepeta mpunga. Akashangaa kuniona peke yangu, na akashangaa zaidi nilipomwambia afunge vitu vyake, twende kwa mjomba, Tabora. Hakunibishia. Alifunika chungu, akafunga kanga zake mbili na shuka, akasimama mlangoni anaangalia barabara, tayari kujificha nyuma ya nyumba.

"Mkwe wangu yuko wapi?" aliuliza. "Nisije nikamkuta mbele."

Nikamwambia gari ni bovu, tutapanda treni.