Pete ya Pamoja

Aibu yenyewe mnaijua, maana nusu yenu mlikuwepo na nusu nyingine mmesimuliwa ikiwa imeongezwa chumvi, kwa hiyo leo nisimulie mwenyewe, na mkitaka kucheka chekeni, ila mjue mimi bado nina hasira, tena si hasira za kuigiza.

Zilikuwa enzi zile ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje ndiyo kwanza imeanza, redioni wanasema bidhaa zimejaa, na kweli ukishuka Same ulikuta mitumba imetandazwa mpaka kando ya barabara, lakini huku kwetu mlimani, upande wa Mhezi, kipande cha sabuni bado ulikuwa unakigawana na jirani. Na mapadre nao wakawa adimu kama hiyo sabuni. Parokia iliyozoea mapadre watatu ikabaki na mmoja, Padre Klemensi, kijana mwembamba kutoka mbali huko magharibi, vigango vyote, yaani vile vikanisa vya vijijini, vya mlimani na vya tambarare, ni vyake, na gari lake bovu lina boksi moja la bati ambalo ndani yake mna kalisi moja, chetezo kimoja na kanzu moja ya kila rangi, vinazunguka naye. Kwetu alifika kabla ya masika na baada ya masika, basi. Kwa hiyo sakramenti zikawa za mafungu: wabatizwa fungu, wa komunyo ya kwanza fungu, maharusi fungu.

Sasa halmashauri ya parokia (wanaume watupu, sisemi zaidi) ikakaa ikaona watu wanaahirisha ndoa kwa kukosa pete, ikaamua kwamba parokia itakuwa na pete mbili za pamoja, moja ya kike na moja ya kiume, za shaba, zikae humo humo kwenye boksi. Yaani unavishwa, unaapa mpaka kifo kiwatenganishe, unapigiwa vigelegele, na kabla hujafika kwenye benchi katekista ameshakunyooshea kiganja umrudishie, avishwe anayefuata. Nilipoambiwa mara ya kwanza nilidhani ni utani.

"Mama Skola, cha muhimu ni kiapo," Katekista Melkiori akaniambia.

"Na hiyo pete ya mkeo ya kudumu ilitoka wapi?" nikamuuliza. Akajifanya anatafuta ufunguo.

Lakini nikakubali, maana mimi na Firmini tulikuwa tumeishi miaka mingi kwa ndoa ya kimila, mahari ilishatoka, watoto watano, na kila Misa wenzangu wakisimama kwenda kukomunika mimi nabaki nimekaa naangalia migongo yao. Nilichoka na ile migongo.

Siku ilipofika tulikuwa jozi tano. Wa kwanza binti mwembamba, pete iliingia na kutoka bila habari. Wa pili mimi. Wa tatu Anjela, na hapa nisikilizeni vizuri, kwa sababu balaa lote linamhusu yeye. Anjela alikuwa na mimba ambayo hakuna kitenge cha kuificha, na baba yake, Mzee Barnaba, alishatamka mbele ya ukoo kwamba siku hiyo binti yake ataolewa kwa padre na kwa pete kama watu, vinginevyo anarudi naye nyumbani na yule kijana asikanyage tena uani kwake. Padre alikuwa haji tena mpaka masika yaishe, na mimba haisubiri masika.

Basi Firmini akanivisha. Pete ikafika kwenye kifundo ikagoma, maana mikono yangu ni ya kulimia tangawizi, si ya kushikia vitabu. Padre akanitikisia kichwa kwamba inatosha, iache hapo hapo. Ningeiacha, leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini nikasikia mwanamke nyuma anacheka kwa pua (namjua, na yeye anajua kwamba namjua), na watu wetu husema pete ikigoma ndoa ina jambo, basi nikaishika mwenyewe kwa mkono wa kulia nikaisukuma kwa hasira zangu zote mpaka ikaingia. Vigelegele vikapigwa. Nikageuka nikamtazama yule wa pua.

Katekista akanyoosha kiganja. Nikavuta, haikuja. Nikavuta tena, nikatia mate, haikuja, na Melkiori amesimama pale amekinga mkono kama anayedai kodi. Firmini akavuta, nikapiga kelele, kwaya ikaambiwa iimbe ili watu wasisikie. Mtu akaleta mafuta ya kupikia kwenye kifuniko, hayakusaidia. Mwingine akaleta parachichi lililoiva (nani alikuja na parachichi kanisani sijui mpaka leo), likapakwa mpaka kwenye kiwiko na kwenye gauni, gauni lenyewe la kuazima, halikusaidia. Mke wa mwenyekiti wa kigango akashauri yatumike mafuta matakatifu yaliyomo kwenye boksi, Padre akasema, "Hapana, mama," kwa sauti ya mtu aliyefika mwisho. Kidole kikavimba kikawa kama kiazi kitamu. Kwaya ikamaliza nyimbo za ndoa, ikamaliza za Bikira Maria, ikaanza za Noeli, na Padre anatazama saa kwa sababu watu wa kigango cha mkongeni kule tambarare wanamngoja.

Ndipo Mzee Barnaba akasimama, ameshika kofia yake kifuani.

"Baba Padre, naona pete imeshapata mwenyewe. Anjela, twende nyumbani."

"Mzee wangu, shikamoo, tafadhali kaa," Padre akamwambia. "Pete si ndoa. Ndoa ni hiari ya hawa wawili."

"Marahaba. Wale wawili wa mwanzo wamevishwa. Ilipofika zamu ya wangu ndiyo pete imekuwa si ndoa?"

Padre akatazama saa tena. Anjela alikuwa analia bila sauti, na yule kijana wake amesimama mikono inaning'inia, hajui aiweke wapi. Nikawatazama wale wawili, nikajiona mimi, mama mzima wa watoto watano, ndiye ninayewatenganisha kwa kidole. Hasira zikanipanda mpaka masikioni.

"Kateni," nikasema.

"Kidole?" akauliza Firmini. (Huyo ndiye mume niliyekuwa nimefungishwa naye muda mfupi uliopita.)

"Pete, Firmini."

Fundi bomba wa mradi wa maji alikuwa benchi la nyuma. Akaenda kwake akarudi na msumeno wa chuma, nikapiga magoti kwenye ngazi ya altare, akapenyeza kibati chembamba kati ya pete na nyama, akaanza kukereza kama anakata bomba. Kibati kikateleza, msumeno ukagusa nyama. Sikulia, nilitaja watu kwa majina, nikianza na halmashauri yote ya parokia, na kwaya ikaongeza sauti. Pete ikakatika, akaipanua kwa koleo, ikatoka na ngozi kidogo. Wakaifuta damu. Ikawa pete yenye mwanya, sasa inaingia kidole cha mtu yeyote.

Ikamwingia Anjela. Akaapa, kijana akaapa, Mzee Barnaba akavaa kofia yake humo humo kanisani kwa furaha akasahau kuivua, vigelegele vikapigwa. Katekista Melkiori akanyoosha kiganja.

Anjela akakunja ngumi.

"Sirudishi," akasema, taratibu kabisa.

"Anjela, mwanangu, kuna jozi mbili nyuma yako."

"Wafungishwe bila pete. Si Padre kasema pete si ndoa?"

Melkiori akamtazama Padre, Padre akamtazama Mzee Barnaba, na Mzee Barnaba, huyu huyu, akasema, "Mtoto kasema kweli. Endeleeni, Baba, jua linakwenda."

Na wakaendelea. Jozi mbili zilizobaki zilifungishwa ndoa mikono mitupu, hata ile pete ya kiume ikaachwa kwenye boksi, haraka haraka, hakuna mzee aliyesimama, hakuna aliyeuliza, hata yule wa kucheka kwa pua alipiga vigelegele. Mimi nimekaa benchi la mbele, gauni lina parachichi, kidole kimefungwa kwa upindo wa khanga, nasikiliza jinsi ilivyowezekana tangu mwanzo.

Mnaniuliza kila siku namkasirikia nani. Melkiori nilishamsamehe, halmashauri bado. Anjela simkasirikii hata kidogo, yule binti ana akili. Ninayemkasirikia ni huyu niliye mimi, aliyevishwa pete mbele ya Mungu na watu, ikamkaa, ikakataa kabisa kutoka, na yeye akaona kazi yake ni kuvuta mpaka damu ili airudishe kwa wenyewe. Kukunja ngumi hata hakukunijia akilini. Basi nimeapa, na hiki ndicho kiapo ninachokishika kuliko kile cha siku ile: nikipewa changu tena, anayenyoosha kiganja akinge mpaka achoke.