Ufunguo wa Choo cha Wageni

Mume wangu alijenga choo ambacho mke wake hakuruhusiwa kukikalia. Nalisema hivyo hivyo lilivyo, maana kila nikijaribu kulipamba linazidi kuwa la kipuuzi.

Ilikuwa enzi za ruksa, biashara ya pamba ilipofunguliwa na kila mwanaume wa Bariadi mwenye mizani na sauti kubwa akajiita mnunuzi. Wangu alikuwa na sauti. Mizani aliazima. Alizunguka Lalago na Mwandoya akimnunulia pamba tajiri mmoja wa Mwanza, amevaa viatu vyeupe kwenye vumbi lile, na msimu ulipokwisha akajenga nyumba ya matofali ya kuchoma yenye choo ndani. Sinki jeupe la kukaa, vigae hadi kiunoni, uchafu ukielekezwa kwenye shimo letu la zamani lililofunikwa zege. Mtaani kwetu bomba la maji halikuwepo. Tulinunua maji kwa madumu, yakiletwa na mkokoteni wa punda. Hilo halikumsumbua. Choo ni cha wageni, alisema, akakitia kufuli na ufunguo akauning'iniza kwenye mkanda wa suruali. Mimi na binti zetu wawili tukaendelea na choo cha shimo kule uani, chenye pazia la gunia la pamba.

Wageni hawakuja. Yule tajiri alifika mara moja, akanywa soda akiwa amesimama, akaondoka zake.

Kiangazi kilipokolea, nyumba ikaanza kunuka. Harufu ilitoka chini ya ule mlango wenye kufuli, ikapita ukumbini, ikaingia hadi kwenye unga. Nilipiga deki mpaka magoti yakachubuka, lakini utasafishaje chumba ambacho umefungiwa nje yake? Nilipomwomba ufunguo aliniambia nitaharibu vigae. Badala yake alileta dawa. Kwanza marashi ya kopo yenye picha ya waridi, ya kupuliza. Halafu vile vidonge vyeupe vya kuwekea kwenye masanduku ya nguo. Halafu udi, kutoka kwa mwenye duka karibu na soko. Alikuwa akifungua mlango kidogo, anaingiza mkono, anapuliza huku amegeuza uso, anafunga. Nyumba ikanuka kama harusi iliyofanyikia chooni.

Na mwenye kosa nikawa mimi. Alimwambia shangazi yake kwamba ameoa mwanamke mchafu, na kumwambia shangazi ni sawa na kupiga ngoma sokoni. Jumuiya ya kanisa iliyokuwa isali kwetu ikahamia nyumba ya jirani. Aibu ilinichoma moyo, na hasira ikaja baadaye. Mwisho akatamka kwamba atamleta baba yake kutoka Mwandoya tuketi kikao: nirudi kwetu Maswa, watoto wabaki. Alilisema hilo huku akijipulizia kwapani yale yale marashi ya choo. Sitanii.

Alipokwenda kumchukua mzee alivaa suruali mpya na mkanda mpya, na ule wa zamani ukabaki kwenye msumari, ufunguo ukining'inia. Nilifungua mlango nikitegemea kukuta panya aliyekufa. Hapakuwa na panya. Sinki lilikuwa kavu, kavu kabisa, na mende wakitoka kwenye tundu. Nilipoinama, upepo wa vuguvugu kutoka shimoni ukanipiga usoni. Nikamwaga ndoo ya maji. Yakashuka kwa kishindo, lakini kiasi kikabaki pale kwenye shingo ya sinki, na upepo ukakatika. Hapo nikaelewa. Maji yale yalikuwa kifuniko cha shimo, na kifuniko kilikauka kwa sababu hakuna aliyekuwa akikitumia choo chenyewe. Nikafagia vidonge vyake vyote nikavitupa jalalani. Kuanzia siku hiyo mimi na binti zangu tulikwenda mle mle, na kila aliyetoka alimwaga ndoo yake. Harufu ikaisha, na ufunguo nikaurudisha kwenye msumari.

Mume wangu aliporudi baada ya wiki na baba yake na shangazi, alisimama ukumbini akavuta pumzi, akacheka.

"Mnaona kopo langu lilivyofanya kazi? Bila mimi kupuliza, baba, tungekufa. Huyu hajui usafi ni kitu gani."

Alikuwa amemtoa mzee mbali, hakuweza kumrudisha bila kikao. Mimi nilikaa chini kwenye mlango wa jiko, nimejitanda khanga, nimewapa mgongo. Kwa Wasukuma mkwe hakai mkeka mmoja na mke wa mwanawe, sembuse kutumia naye choo kimoja. Hiyo ni aibu isiyosemeka. Mzee kwake hujisitiri nyuma ya ua wa minyaa. Lakini alikuwa amechoka na lori, na mwanawe akampa ufunguo kwa mikono miwili.

"Hakijakaliwa na mtu, baba. Nilikutunzia wewe."

Nikasikia fimbo ya mzee ikigonga sakafu kuelekea ule mlango. Nikinyamaza, nitamwacha mzee wa watu akalie nilipokalia. Nikisema, nimetaja choo changu mbele ya mkwe, na hapo watanifungashia virago bila kikao.

"Shangazi," nikasema, "mwambie baba asiingie."

"Una wazimu?" mume wangu akapaza sauti.

"Mwambie nakitumia mimi, na wajukuu wake, kila siku, kwa ndoo ya maji. Kilinuka kwa sababu kilikaa kikavu. Amuulize mwanawe ni kopo gani lililomwaga maji."

"Mayu wane, mama yangu!" shangazi akaziba mdomo.

Fimbo ikasimama. Mzee akamuuliza mwanawe, "Kilikuwa kikavu?"

"Baba, umemsikia mwanamke asiye na haya—"

"Nimekuuliza habari ya choo."

Angejuaje? Yeye mwenyewe hakuwahi kukikalia. Alikuwa akienda kwenye shimo la uani, nyuma ya gunia, kama sisi.

Mzee akampa shangazi ufunguo. "Mpe mayu wa nyumba hii ufunguo wake," akasema, akavaa kofia, akatoka kwenda kujitafutia minyaa. Asubuhi alipanda lori akarudi Mwandoya, na habari za Maswa hazikutajwa tena.

Mume wangu alinuna muda mrefu, akaendelea na shimo la uani kwa kiburi. Mvua za masika zilipolijaza maji, alikuja jikoni mbio, akaniomba ufunguo kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. Nikampa. Nikamwonyesha pipa na ndoo, nikamwambia achote kwanza. Akaviangalia viatu vyake vyeupe, akaniangalia mimi, akainama akachota.