Kopo la Lami la Ilinca

Gherasim, mchungaji, alishambuliwa na dubu, akashushwa kutoka malishoni jioni akiwa amefungwa blanketi lililolowa damu, akakimbizwa hospitali ya mjini. Nilikesha dirishani nikiitazama taa ya mkewe, Todosia, ng'ambo ya barabara. Sima na jibini vilikaukia mezani. Binti yangu Ilinca, aliyesaidia kumbeba, hata buti hakuvua.

Mambo ya dubu sikuyapenda tangu mwanzo. Ilinca aliacha shule, akauza jibini sokoni, mpaka watafiti wakamwajiri. Anapaka miti lami nyeusi inayotengenezwa kwa mbao na kuizungushia seng'enge. Dubu huipenda harufu ile, huja kujisugua. Yeye anaokota manyoya yaliyonaswa, watafiti wanayapima wajue dubu ni wangapi. Wangeniuliza mimi: wamezidi. Wanakijiji wakamwita mke wa dubu. Akacheka.

"Mama," alisema ghafla, "lami iliyobaki nilimpa Gherasim."

"Ya nini?"

"Kondoo wake walikuwa wanaoza kwato. Akaniambia, 'Dubu zako wanapewa lami, kondoo wangu wachechemee?' Nikampa kopo zima."

Wachungaji wetu wote hutibu kwato kwa lami, ila kidogo, maana ni ghali.

"Kapaka mpaka nguzo za zizi," akasema. "Nimeona manyoya yamenata palepale. Dubu alikuja kujisugua, Gherasim akatoka na fimbo."

"Funga mdomo! Watatuchomea nyumba."

"Watu wanasema Gherasim alilewa, akamchokoza dubu. Mkewe anachekwa, mama."

"Acha achekwe. Wewe unaishi hapa."

Kulipopambazuka, kaka yake Todosia alirudi kutoka hospitali, akapiga kelele barabarani: Gherasim atapona, lakini mkono umekatwa. Ilinca akatoka. Nilimshika koti, akaniachia koti mkononi.

Akagonga kwa Todosia. Hakufunguliwa, akasema yote hapohapo: kopo, kwato, nguzo. Watu walishaanza kutoka majumbani.

"Umemaliza?" Todosia aliuliza kutoka ndani.

"Ndiyo. Hakulewa. Kosa ni langu."

"Mkono walioukata ndio wa kukamia. Kondoo wale watakamwa na nani leo? Na dubu zako?"

"Nitawakama mimi. Nitapanda malishoni sasa hivi."

 Tukasikia komeo la juu likifungwa, halafu na la chini. Ilinca aligonga tena, polepole. Mlango haukufunguka.