Taa za Vifuu Barazani

Mume wangu alipopata kiharusi, miguu ilipona lakini ulimi ukabaki mzito. Daktari alimkataza bia, na yeye mwenyewe akajikataza watu. Miaka mingi aliuza vitenge kwa jumla Kariakoo, akibishana na wateja kutwa nzima. Sasa mgeni akipiga hodi, anaingia chumbani na kufunga mlango. Niliogopa, maana mtu akishazoea chumba kumtoa ni kazi.

Nikaamua kumjengea baa barazani kwetu Magomeni, marafiki zake wapate pa kukaa naye. Baa isiyo na pombe, ndiyo, cheka tu. Mbao na makuti havikunisumbua. Taa ndizo zilizonitoa jasho, kwa sababu nilizitaka za rangi, kama zile za hoteli ya ufukweni tulikomwozesha binti yetu.

Nilikwenda Kariakoo kwa akina mama wanaokuna nazi, nikaomba vifuu. Mmoja akaniuliza kama gesi imenishinda siku hizi napikia vifuu. Nilichukua kumi na viwili, nikavikwangua nyuzi kwa kipande cha chupa, nikavipiga msasa, kisha nikavitoboa matundu madogo kwa drili ya kukodi. Ndani nikabandika nailoni ya kufungia zawadi: nyekundu, kijani, njano. Nikaviunganisha viwili viwili kwa waya mwembamba, mdomo kwa mdomo, balbu katikati.

Taa ya kwanza niliiwekea balbu ya zamani tuliyokuwa nayo kabatini. Haikupita robo saa, nailoni ikaanza kuungua. Mume wangu alitoka chumbani kuangalia harufu inatoka wapi, akanitazama, akarudi zake.

Kesho yake niliichukua ile balbu nikaenda kwa mzee mmoja wa Kihindi, mkazi wa Upanga, mwenye duka la vifaa vya umeme jirani na pale mume wangu alipokuwa akiuzia.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mama, hiyo balbu itachoma nyumba. Chukua hizi ndogo za LED, hazipati joto."

Akamuulizia mume wangu. Nikamwambia aje Jumamosi, na wengine wawili waliokuwa wakinywa pamoja nao nikawaalika kwa simu. Wote wakaahidi.

Jumamosi, giza lilipoanza kuingia, niliwasha taa zote sita. Nilimvisha mume wangu shati la pasi, nikamkalisha mbele. Wa kwanza akapiga simu, ana msiba. Mzee wa Upanga akatuma ujumbe kwamba mgongo unamuuma. Wa tatu hata hakupiga. Nilikasirika.

Nikiwa katika hasira hizo, wanaume wawili wakaegesha bajaji yao na kupanda barazani.

"Shikamoo mama, shikamoo mzee. Kuna za baridi?"

Hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Mitaa yetu yote inajua kwamba taa za rangi barazani maana yake bia inauzwa, na mimi, mtu mzima na akili zangu, nimetundika sita zikitazama barabara. Nikaanza kuwaeleza kuwa hapa ni nyumbani kwa watu.

"Kaeni," mume wangu akasema.

Wakakaa. Walipoambiwa kuna tangawizi na juisi ya ukwaju tu, walicheka, lakini wakanywa.

"Mzee, ulikuwa unafanya kazi gani?" mmoja akauliza.

Mume wangu akaanza, akakwama. Nikafungua mdomo nimmalizie, kama nilivyommalizia kila neno tangu augue, nikijua namsaidia. Yule mwanamume hakunigeukia. Alishika glasi yake, akamtazama mume wangu, akasubiri. Ilichukua muda.

"Vitenge," mume wangu akasema. Kisha, bila kuulizwa, akaanza kueleza jinsi vilivyokuwa vikiuzwa kwa jumla.

Nikainuka nikaenda kukaa jikoni. Ningebaki pale, ningemsaidia tena.