Katikati ya Dari
Fundi umeme ana penseli nyuma ya sikio na dharau mdomoni. Kila mama mwenye jiko akitaka kusema neno, yeye hupangusa kioo cha taa kwa kiganja na kucheka kwa pua: "Dada, wewe chagua urembo, mwanga niachie mimi." Mama mmoja alitaka jikoni mwake taa bapa mbili, juu ya meza anapokatia mboga. Ng'o! Fundi akafunga moja tu, katikati ya dari. Lo, kwani nani anayepika humu? Damu ikimchemka, mama akamshikisha kisu na kitunguu, akaenda kusimama mlangoni. Fundi akainamia meza, taa ikiwa mgongoni, akafinya macho, akanung'unika bila kugeuka: "Dada, sogea basi, unanizibia mwanga."

"Mimi niko mlangoni," mama akamjibu. "Anayekuzibia ni wewe."